Kuotesha miche ya nyanya na hoho nyumbani

Wenzetu wa nchi za baridi huotesha mbegu ndani kukwepa barafu. Sisi wa Dar, Tanga na Mombasa joto tunalo. Tunachokimbia ni mvua ya masika inayofukua mbegu, kuku wa jirani, na zaidi ya yote inzi weupe. Hao ndio wanaoeneza rasta, ule ugonjwa wa majani kujikunja na mmea kudumaa. Mche ukiupata ungali mdogo, sahau nyanya.

1. Udongo. Udongo wa bustani usiutumie hivyo hivyo, una vimelea vya kinyausi, vinavyoozesha shina pale chini kabisa hadi mche unalala. Changanya sehemu mbili za udongo, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga wa mto (wa pwani una chumvi). Lowanisha, tandaza juani, funika kwa nailoni angavu, bana kingo, uache wiki 4 hadi 6. Mwenye haraka anunue kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), ila haina chakula cha kutosha, hivyo miche itahitaji mbolea mapema.

2. Vyombo. Vikombe vya mtindi au chupa za maji zilizokatwa, vyote vitobolewe chini. Trei za mayai zinasifiwa sana. Mimi sizipendi, zinakauka upesi mno.

3. Kusia. Aina za nyanya za Tanya na Tengeru 97 si chotara, kwa hiyo unaweza kujiwekea mbegu za msimu ujao. Lowesha udongo kwanza, sia mbegu mbili kila kikombe, kina cha sentimita 1, kisha weka vyombo gizani. Nyanya huchomoza kwa siku 5 hadi 8, hoho wiki moja hadi mbili. Ukiwa Lushoto au Njombe mwezi wa saba, ongeza subira.

4. Mwanga. Hapa ndipo miche mingi inapoharibikia. Ukiona mmoja tu umechomoza, toa vyombo vyote gizani siku hiyo hiyo. Ukingoja wenzake, wa kwanza atakuwa ameshakuwa mwembamba kama uzi. Na usilitegemee dirisha. Kwetu jua la mchana hupita karibu na utosi, paa limetokeza nje ya ukuta, kwa hiyo ndani hupenya mwanga kidogo kuliko macho yanavyokuambia. Peleka miche kwenye baraza la mashariki ipate jua la asubuhi, ndani ya chandarua kikuukuu kilichokunjwa mara mbili, kwani tundu za chandarua kimoja zinampitisha inzi mweupe. Chandarua kisiguse majani.

5. Maji. Simamisha vikombe kwenye beseni lenye maji kidogo, vinywe kwa chini kama nusu saa, kisha vitoe. Udongo ukiwa bado na unyevu, usiongeze. Yale majani mawili ya mwanzo si majani halisi. Yakitoka halisi, chagua mche mmoja na mwingine ukate kwa mkasi. Kuung'oa kunatikisa mizizi ya unaobaki.

6. Kuzoesha. Nyanya huwa tayari wiki ya 4 hadi 6, hoho wiki ya 6 hadi 8. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, punguza maji na uongeze jua kidogo kidogo, saa moja, kisha mbili, hadi kutwa. Hamisha jioni, mwagilia papo hapo. Shina la nyanya lizike hadi karibu na majani ya chini, litatoa mizizi. Hoho iache kina kile kile ilichokuwa nacho kikombeni.