Kuwafundisha wauguzi tiba shufaa palepale wodini

Naandika kwa wauguzi wenzangu waliokabidhiwa kuwafundisha wengine tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mkubwa, bila ukumbi, wodi ikiwa imejaa, kama ilivyo kwetu hapa Dodoma.

Usianze kwa kuandika ubaoni maana ya tiba shufaa. Anza na salamu. "Shikamoo mzee, unaendeleaje?" "Marahaba, namshukuru Mungu." Muuguzi anaandika "anaendelea vizuri" na kuhamia kitanda kinachofuata. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye faili la mzee mmoja wa Bahi, mwenye saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Usiku mkewe akaniambia, "Mwanangu, huyu hajalala siku ya nne. Anauma shuka." Mzee hakunidanganya. Nilimsalimia, akaitikia. Kumuuliza, sikumuuliza.

Kwa hiyo somo la kwanza, dakika 20 baada ya ripoti ya asubuhi, ni kuuliza tu. Nendeni watatu au wanne kwa mgonjwa mmoja aliyeridhia. Salamu iishe, muuguzi avute kiti, ndipo aulize: panauma wapi? Usiku umelala? Ukigeuka inakuwaje? Kisha mkono: ngumi ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni makali yasiyovumilika. Namba iandikwe kwenye chati pamoja na joto na presha.

Wafundishe pia kusikiliza kitenzi. Kidonda kinachopwita si sawa na mguu unaowaka moto au unaopigwa kama shoti ya umeme. Kuwaka na shoti mara nyingi hutoka kwenye mishipa ya fahamu. Mofini, dawa kali ya maumivu, peke yake huenda isitoshe, na daktari anaweza kuongeza amitriptilini, dawa inayotuliza maumivu ya mishipa hiyo. Tumbo linalonyonga kwa vipindi ni jambo jingine tena. Ukiandika "maumivu" tu, umeitupa habari aliyoihitaji daktari. Kwa bibi asiyekimudu Kiswahili, mwombe binti yake neno la Kigogo, liandike lilivyo pamoja na maana yake.

Wiki ya pili ni mofini ya maji, na hapa usiharakishe. Woga uko kwetu wauguzi kabla haujafika kwa ndugu. "Akianzishwa mofini ujue amekwisha." "Atakuwa teja." Waache waseme yote, usimkemee yeyote. Halafu waeleze kwamba dozi inayoanzia chini na kupandishwa kwa kufuata maumivu haimuui mgonjwa, na kwamba mwili kuizoea dawa si uteja. Anayeomba dawa kabla ya wakati mara nyingi ni yule ambaye dozi yake haijayafikia maumivu.

Dawa hutolewa kwa saa, si kwa kilio. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari na kufungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, alisisitiza hilo: usingoje maumivu yarudi. Chora ratiba: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi maradufu, ili ya saa 8 usiku irukwe na mgonjwa alale. Kama daktari ameandika mg 2.5 na chupa ni mg 5 kwa ml 5, basi ni ml 2.5, kila muuguzi akivute kipimo hicho kwa maji ya kawaida mbele yako. Chupa isomwe kila mara, maana nguvu ya dawa hutofautiana. Mofini hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Lakini mgonjwa mwenye figo mbovu daktari amjue mapema, na asiyeamshika huku akipumua polepole, daktari aitwe mara moja.

Somo la vidonda ni fupi. Kidonda cha saratani kinachonuka kisafishwe taratibu, kinyunyiziwe unga wa vidonge vilivyosagwa vya metronidazo, dawa ya kuua bakteria, kifunikwe. Harufu ikipungua, ndugu husogeza viti karibu.

Mazungumzo yanahitaji maigizo. Mmoja awe binti anayekushika mkono koridoni: "Sista, tafadhali mama asijue." Usimkubalie, wala usimkaripie. Muulize anaogopa nini. Kisha kaa na mama: "Mama, unauelewaje ugonjwa wako?" Mara nyingi anajua, naye alikuwa akimficha binti.

Baada ya mwezi, chukua mafaili 10. Tafuta namba ya maumivu kabla ya dawa, na nyingine saa moja baada ya dawa. Ya kwanza utaikuta. Ya pili ndiyo huwa haipo, rudieni hapo.