Kumtafuta babu aliyekufa vitani: njia kwa familia za Unguja na Pemba

Kabla ya kufungua faili lolote, hakikisha kwanza ni vita gani. Wazee wetu husema vita vya Mjerumani wakikusudia vile vya 1914 hadi 1918, na vita vya Hitla kwa vile vya 1939 hadi 1945, lakini simulizi ikishapita vizazi vitatu vita hivi viwili huchanganyika. Kwa hiyo usimuulize bibi mwaka, bali muulize jambo lililotokea karibu na safari ile. Je, babu aliondoka kabla au baada ya manuwari ya Kiingereza Pegasus kuzamishwa na Wajerumani mbele ya mji, tarehe 20 Septemba 1914? Ulikuwa Mfunguo gani? Mwezi wa Kiislamu ukikumbukwa pamoja na tukio linalojulikana, tarehe hupatikana. Pegasus, kwa mfano, ilizama mwishoni mwa Mfunguo Mosi wa mwaka 1332.

Swali la pili ni kama alikuwa askari au mpagazi, na jibu lake ndilo litakaloamua ugumu wa kazi yako. Askari alipewa nambari, akaandikwa katika kombania na rejimenti, mara nyingi ile ya King's African Rifles, ambayo wazee huiita Keya. Mpagazi alichukuliwa kubeba risasi na vyakula, na kumbukumbu zake ziliandikwa ovyo au zilipotea kabisa. Hata kwa hesabu rasmi, wapagazi waliokufa katika vita vya kwanza Afrika Mashariki walizidi 40,000, na wengi wao waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria, si risasi.

Ikiwa nyumbani kuna medali, itazame ukingoni kwa mwanga mzuri kabla ya kuisafisha. Medali za Kiingereza za vita vya kwanza kwa kawaida zilichongwa nambari, jina na kikosi katika ukingo wake, na nambari hiyo ina thamani kuliko jina lenyewe. Nyota na medali za vita vya pili kwa kawaida hazikuandikwa jina, kwa hiyo usivunjike moyo ukikuta ukingo mtupu.

Jina ndilo linalowapoteza watu wengi. Karani wa Kizungu aliandika alichokisikia, na mtu anayeitwa na ukoo wake Khamis Juma anaweza kuwa Hamisi bin Juma, Hamis Juma, au Amisi wadi Juma. Andika kila sura ya jina unayoweza kuifikiria, ya kwake na ya baba yake, pamoja na lakabu. Andika pia asili yake. Utumwa ulifutwa kisheria hapa mwaka 1897, na wanaume wengi wa Ng'ambo na wa mashamba ya karafuu waliojiandikisha jeshini katika miaka iliyofuata walitambulishwa kuwa Wamanyema, Wayao au Wanyasa. Zipo familia ambazo bado zinalinyamazia jambo hili. Naziomba zisilinyamazie, kwa sababu neno moja la kabila huweza kumtenganisha babu yenu na watu ishirini wenye jina kama lake.

Ukiwa na orodha hiyo, ingia katika hifadhidata ya Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo hutafutwa bure kwenye intaneti. Jaribu jina la baba katika nafasi ya jina la ukoo, kisha ugeuze. Aliyekufa Burma bila kaburi kujulikana mtafute katika Mnara wa Rangoon, uliomo katika makaburi ya Taukkyan. Waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 wakielekea Ceylon, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, watafute katika mnara ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi.

Baada ya hapo nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani. Usiombe faili la babu, maana huenda hakuna; omba katalogi ya mafaili ya Sekretarieti ya wakati wa Waingereza na ya kesi za mirathi mahakamani. Mjane aliyetaka haki yake au ruhusa ya kuolewa tena alilazimika kuthibitisha kifo, na ushahidi wake unaweza kueleza mengi kuliko karatasi yoyote ya jeshi. Barua baina ya Zanzibar na London kuanzia 1913 zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, huko Kew, London, katika mfululizo wa CO 618, na za Keya katika CO 534; shajara za vikosi vya vita vya kwanza zimo katika WO 95, ingawa humo askari wa kawaida hatajwi sana kwa jina.

Jina lisipoonekana popote, usihitimishe kwamba familia ilidanganywa. Mwaka 2021 Kamisheni yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Inapokea maombi ya kuongeza jina, mradi uthibitishe utumishi na kwamba kifo kilitokea baina ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au baina ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Peleka nakala za nyaraka, ubaki na za asili, na uambatanishe maelezo ya wazee yaliyoandikwa, yenye tarehe na saini ya kila aliyeyatoa.