SOMO: Kupanga feni na njia ya hewa kwenye kompyuta ya mezani yenye nguvu

Wakuu, salaam. Nimechoka kujibu swali lile lile kwenye meseji: "mashine inachemka, niongeze feni ngapi?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia somo hili na kunyamaza.

Huenda huhitaji hata feni moja ya ziada. Feni haitengenezi baridi, inahamisha hewa tu. Hewa ya moto isipokuwa na pa kutokea, funga feni kumi, zote zitakuwa zinaizungusha humo humo.

Somo ni la kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki ya kuchomeka. Wenye laptop mtanisamehe.

1. Jua joto linatoka wapi. Kadi ya grafiki ya RTX 4090 peke yake ina kikomo cha wati 450. Prosesa kubwa ikikamuliwa inapita wati 200. Umeme huo karibu wote unaishia kuwa joto. Kwenye gemu, anayepasha kasha ni kadi ya grafiki kuliko prosesa, ndiyo maana mtu ananunua kipoozeo kikubwa cha prosesa na hali inabaki vile vile.

2. Kagua uso wa kasha. Kama ni wavu, endelea. Kama ni kioo au bati zima, ling'oe, cheza gemu nusu saa, soma joto. Likishuka sana, mkosaji ni kasha. Usinunue feni.

3. Mwelekeo wa feni. Mbele na chini ziingize, nyuma na juu zitoe. Feni huvuta kwa upande ulio wazi na kutoa kwa upande wenye vile vijiti vinavyoshikilia mota. Una shaka? Sogeza kipande cha tishu. Mbili za milimita 140 mbele na moja ya 120 nyuma zinatosha mashine nyingi. Zinazoingiza zizidi kidogo zinazotoa, ili hewa isukumwe nje kupitia nyufa; ukitoa kuliko unavyoingiza, nyufa zisizo na chujio zitanyonya vumbi. Na feni ya juu ikae upande wa nyuma. Ukiiweka juu kwa mbele itaiba hewa baridi kabla haijafika kwenye prosesa.

4. Waya zipite nyuma ya mazabodi (ubao mkuu). Zifunge. Twende.

5. Kipoozeo cha prosesa. Hapa soma taratibu, maana hapa ndipo pesa zinapopotea.

Kwenye AMD za soketi AM4, pini 1331 ziko chini ya prosesa yenyewe, na kilichozishika ni kitasa kidogo tu. Pesti, ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo, ikishakauka inakuwa gundi. Ukivuta kipoozeo juu kwa nguvu, prosesa inang'oka nacho huku kitasa kikiwa kimefungwa. Unageuza kipoozeo, unaikuta imening'inia kwenye shaba, safu ya pini za pembeni imelala.

Kwa hiyo: washa mashine, ipe kazi nzito dakika kumi hivi pesti ilainike. Zima, CHOMOA UMEME. Legeza skrubu kwa kupishana, pembe hii kisha ile inayotazamana nayo. Shika kipoozeo ukizungushe kidogo kushoto, kidogo kulia, kama mfuniko wa chupa uliokaza. Ukihisi kimeachia, ndipo unyanyue. Kikigoma, rudia kupasha. USIVUTE.

Intel za karibuni na AMD za soketi AM5, prosesa imebanwa na fremu ya chuma, hiyo hatari haipo. Lakini pini ziko kwenye soketi ya mazabodi. Ukidondosha skrubu mle ndani umejitafutia.

Kurudisha: futa pesti ya zamani kwa spiriti ya kusafishia elektroniki, weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati. Prosesa ya AMD Threadripper ni pana, inataka zaidi. Bandua nailoni iliyo chini ya kipoozeo kipya. Narudia, BANDUA NAILONI. Kaza kwa kupishana, nusu mzunguko kila skrubu, hadi zigome zenyewe. Ukinyanyua "kuangalia kama imesambaa", futa uanze upya, maana umeshaingiza mapovu ya hewa.

Feni yake ipulize kuelekea nyuma ya kasha. Waya wake uende kwenye tundu la mazabodi lililoandikwa CPU_FAN, la sivyo mashine nyingi zitakupa onyo na kugoma kuwaka.

6. Wenye kipoozeo cha maji. Pampu isiwe sehemu ya juu kuliko zote. Humo ndani daima kuna hewa kidogo, na hewa hukimbilia juu. Ikae kwenye rejeta (ile paneli yenye feni inayopoza maji), isikae kwenye pampu. Rejeta ikiwa mbele, mipira ikielekea chini ndiyo bora kama inafika. Pampu iende kasi moja muda wote, usiipangie kupanda na kushuka kufuata joto.

7. Kasi za feni kwenye BIOS (menyu ya mipangilio ya mazabodi). Za pini 4 weka PWM, za pini 3 weka DC. Weka pia ucheleweshaji wa sekunde chache, usije ukasikia feni zinapanda na kushuka kila ukifungua kivinjari.

8. Pima. HWiNFO kusoma joto, Cinebench kubana prosesa, gemu lako kwa yaliyobaki. Andika na joto la chumba, bila hilo namba zako hazilinganishiki.

MASWALI

Mgeni_hapa: Mkuu somo zuri. Kwa hiyo niongeze feni ngapi?

Mwandishi: Aya ya pili.

Kibodi_kimya: Ryzen yangu ya mfululizo wa 7000 inagusa nyuzi 95 nikirenda video. Nimebadili kipoozeo, bado 95. Nimeharibu hatua ya 5?

Mwandishi: Hapana kaka, na umeuliza vizuri. Nyingi za mfululizo huo zimeundwa kupanda hadi 95 kwenye kazi nzito kisha kujirekebisha hapo hapo. Ukiipa kipoozeo kizuri zaidi, yenyewe inaongeza kasi badala ya kushuka joto. Kwa hiyo usitazame nyuzi, tazama kasi ya prosesa na alama za Cinebench kabla na baada. Zikipanda, kipoozeo kinafanya kazi. Hutaki kuona 95, washa Eco Mode (hali ya kubana umeme) kwenye BIOS. Utapoteza kidogo tu. Ila wenye prosesa za X3D kama 7800X3D, kikomo chenu ni 89.

Haraka_haraka: PC yangu inachemka sana nisaidieni

Mwandishi: Kasha gani, kadi gani, nyuzi ngapi, ukifanya nini?

Haraka_haraka: Ya kawaida tu mkuu. Inachemka.

Mwandishi: Basi ipooze kawaida tu.

Ubavu_wazi: Mimi nimetoa ubavu wa kasha, joto limeshuka nyuzi 12. Haya mambo ya kupanga feni ni porojo.

Mwandishi: Umethibitisha hatua ya 2 halafu umeiita porojo. Joto kushuka ukifungua maana yake kasha lako lilikuwa linakosa hewa. Acha wazi ukipenda, vumbi ni lako.

Feni_moja: Chumba changu chenyewe kina joto. Nikienda kwenye maji nitapata nafuu?

Mwandishi: Kidogo. Maji yanabeba joto hadi kwenye rejeta, na rejeta inapozwa na hewa ile ile ya chumbani. Haiwezi kushuka chini ya joto la chumba. Wewe punguza joto linalozalishwa: fungua programu ya MSI Afterburner, shusha kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 80, pima fremu. Utashangaa zinavyopungua kidogo, maana wati za mwisho mwisho ndizo zinazolipa haba. Hiyo haikugharimu chochote, na chumba nacho kitapumua.

Bisibisi: Nyongeza kwa wanaopuliza vumbi na blowa: shikeni panga za feni kwa kidole. Ukiiacha izunguke kwa upepo inakwenda kasi kuliko ilivyoundwa, beringi inakufa.

Mwandishi: Kweli kabisa, na mota ikizungushwa inazalisha umeme, unaweza kurudi kwenye mazabodi. Shukrani mkuu.

Am4_yangu: Nimechelewa kusoma. Pini mbili zimelala. Nitupe?

Mwandishi: Usitupe. Chukua kalamu ya risasi ya kubonyeza, toa risasi yote, ingiza ile ncha tupu kwenye pini na uinyanyue polepole. Usiirudishe mara mbili, inakatika. Tumia mwanga wa pembeni na uangalie mstari mzima ukiwa umenyooka pande zote mbili. Prosesa ikiingia kwenye soketi iingie kwa uzito wake, usiisukume.

Mgeni_hapa: Kwa hiyo tatu au nne?

Mwandishi: Una kasha gani?

Mgeni_hapa: Sijanunua bado.