Kabla hujalipia Subaru ya tabo: namna ya kuisikiliza injini

Kijana wa Tanga anayetafuta gari la mkononi lenye mbio huishia kwenye majina yale yale: Subaru Impreza WRX, Forester ya tabo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili iongeze nguvu), Altezza, mara mojamoja Mark II yenye injini ya 1JZ. Na swali lake ni lile lile: injini itadumu, au itanoki miezi michache baada ya kumaliza akiba yangu? Ni swali la haki kabisa, na wakati wake ni kabla pesa haijatoka mfukoni.

Ugumu wa kulikagua gari la namna hii hapa kwetu ni mji wenyewe. Kutoka Raskazone hadi Ngamiani ni tambarare, na mwendo ni wa dakika chache. Injini iliyochoka inazunguka mjini siku nzima bila kujionyesha, halafu siku inapopandisha Lushoto kutokea Mombo ndipo inaanza kuchemsha. Kwa hiyo kuzunguka mtaa mmoja na dalali hakukuambii lolote. Injini inatakiwa uione ikiwa baridi kabisa, kisha uione imepata moto wa kweli.

Tuanze na baridi. Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na uende asubuhi. Gusa boneti, ikiwa ina joto, ahirisha kwa ustaarabu. Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili uone kiwango, kisha fungua kifuniko cha rejeta. Unachotaka kukiona ni kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, yenye rangi yake. Ukikuta maji matupu ya bomba yenye kutu, uliza mara moja kama temostati, yaani mlango unaozuia maji yasizunguke hadi injini ipate moto, ipo.

Hapa nasisitiza, kwa sababu ni tabia iliyoenea sana kwenye gereji zetu. Gari likichemsha, fundi anang'oa temostati, maji yanazunguka bila kizuizi, mwenye gari anaondoka ameridhika. Lakini kilicholifanya lichemshe hakijaguswa: rejeta imeziba, feni ni dhaifu, au gasketi ya silinda hedi, inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeanza kupitisha. Juu ya hapo injini sasa haifiki joto lake, oili haipati moto unaotakiwa, mafuta yanaliwa zaidi na vyuma vinasagika. Utaigundua kwa sindano ya joto: inachelewa mno kupanda, au inashuka ukikimbia barabara kuu na kupanda tena ukikwama kwenye foleni.

Likiwashwa, zima redio na sikiliza. Mlio hafifu wa kugonga unaosikika asubuhi na kupotea injini ikipata moto, kwenye Subaru zenye injini za aina ya EJ mara nyingi ni pistoni, na wapo wanaoishi nao miaka. Mlio wa kugonga unaozidi kadiri injini inavyopata moto, na unaofuata mguu wako kwenye mafuta, ni beringi za konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, zilizolika. Gari lenye mlio huo usilinunue hata ukipunguziwa bei. Tazama na moshi: wa bluu baada ya kuacha gari liungurume kisha ukakanyaga mafuta ni oili inayoungua, pengine kutoka kwenye tabo; mweupe usiokoma, wenye harufu tamu, ni kulanti inayoingia kwenye silinda.

Sasa lipeleke Muheza kupitia Pongwe na kurudi. Kiyoyozi kiwashwe, muuzaji awe pembeni yako, na mwendo wa sheria uheshimiwe vijijini. Ukifika Muheza, liache liungurume huku boneti iko wazi. Usifungue kifuniko cha rejeta likiwa la moto. Angalia tangi dogo la maji ya akiba. Mapovu yanayotoka mfululizo ni dalili mbaya ya gasketi. Nusa kama kuna oili inayodondokea bomba la moshi. Kesho yake asubuhi, gari likiwa limepoa, pima tena oili na maji.

Kisha mlipe fundi unayemwamini wewe, asiyejuana na muuzaji, apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda. Kwenye Subaru plagi zimekaa ubavuni na kuzifikia ni kazi, kwa hiyo atalalamika. Mlipe muda wake. Namba za silinda zote nne zinatakiwa zikaribiane. Kwenye EJ25 ya tabo, silinda namba 4 ndiyo inayojulikana kwa kuvunjika pistoni katikati ya ringi. Kusomwa na kompyuta peke yake hakutoshi, maana makosa yakifutwa asubuhi, mchana gari linasoma safi.

Gari lililochezewa injini ili liongezewe nguvu mimi nakushauri uliache. Injini hizi za Japani zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vyao haitakiwi kushuka chini ya oktani 96 (oktani ni kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe). Mtu akiongeza nguvu ya tabo kwa rimapu, yaani kubadilisha programu ya kompyuta ya injini, halafu akatia petroli ya oktani ndogo, mchanganyiko wa hewa na petroli unalipuka kabla ya wakati wake na pistoni ndiyo inayopokea kipigo. Ekzosi kubwa si ushahidi wa rimapu, ila inakupa sababu ya kuuliza.

Taimingi belti, mkanda unaoendesha valvu ziende sawa na pistoni: EJ20, 1JZ na injini ya Altezza zote zinatumia mkanda, na kipimo kinachofuatwa ni kama kilomita 100,000. Mara nyingine kuna stika ya Kijapani ndani ya boneti yenye kilomita za siku ulipobadilishwa. Hakuna stika wala risiti? Hesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama yake itoke kwenye bei. Kwenye EJ mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, basi vibadilishwe pamoja. Linganisha pia namba ya injini na kadi ya gari. Kubadilishiwa injini si dhambi, lakini kadi inatakiwa iseme hivyo.

Bajeti yako usiimalize kwenye bei ya gari. Spea za tabo mara nyingi utaagiza Dar es Salaam, kilomita kama 350, zije kwa basi, na kuna siku gari litalala gereji likisubiri. Wiki ya kwanza badilisha oili, filta, plagi na kulanti, na temostati mpya irudishwe mahali pake. Baada ya hapo pima oili kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa baridi na limesimama pa tambarare, na uandike kiwango pamoja na kilomita. Kikianza kushuka kwa kasi kuliko wiki zilizopita, mpelekee fundi daftari hilo kabla taa ya oili haijawaka.