Kabla hujaipeleka pikipiki Kitonga: mambo ya joto ya kumaliza ukiwa bado nyumbani

Watu wakipanga safari ya Dar kwenda Iringa au Mbeya na pikipiki wataulizana matairi, cheni, breki, nani anabeba pampu, mvua ipo au haipo, ila joto la injini hakuna anayeligusa mpaka mtu achemshe. Na anayechemsha mara nyingi anachemkia Kitonga, ule mlima mkali wa kona kabla ya kufika Iringa, halafu anailaumu Kitonga. Hata mimi niliilaumu, nikaja kugundua feni yangu ilikuwa imekufa siku nyingi na nilikuwa natembea nayo hivyo hivyo bila kujua.

Nina Suzuki V-Strom 650, ya zamani kidogo, injini yake inapozwa kwa maji. Ukiwa barabara kuu spidi 90 au 100 upepo unapiga rejeta moja kwa moja, feni haina kazi kabisa, iwe nzima au mbovu geji inakaa pale pale. Mjini nako mimi sikai foleni, napenyeza, kwahiyo Kimara mpaka Kibaha sikuwahi kusimama muda wa kutosha joto lipande. Sasa fika Kitonga, mbele lori limebeba mabati linapanda spidi ya mtu anayekimbia, nyuma semi treila, kuovateki huwezi maana kwenye kona yanashuka mengine breki zinanuka, jua la saa saba, maboksi matatu yamejaa na mke wangu nyuma. Upepo hakuna, mzigo ni ule ule. Geji ikapanda, ikapanda tena, taa ikawaka nyekundu, mara nasikia harufu tamu kama sharubati iliyoungua, hiyo ni kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, inamwagika kwenye chuma cha moto. Tulikaa pembeni ya jiwe zaidi ya saa nzima.

Kwahiyo cha kwanza kabisa, pima feni, na upimie nyumbani. Weka pikipiki stendi ya kati mahali pa wazi, washa, iache ingurume bila kwenda popote huku unaangalia geji. Kwa joto la Dar haitachukua muda mrefu, pikipiki nyingi za maji feni inaita ikifika kwenye nyuzi 100 na kitu, utaisikia yenyewe inavuma na upepo wa moto unakupiga miguuni, baada ya muda inazima, joto linashuka, inarudia tena. Ikifanya hivyo mara mbili umemaliza. Geji ikipita pale na hujasikia kitu, zima, usiendelee kusubiri ukidhani itaita. Anza na fyuzi, kisha soketi ya waya wa feni, kisha rilei, ile swichi ya umeme inayoiwasha. Ya kwangu ilikuwa tope. Nilipita matope mengi masika, tope likakauka kwenye mhimili wa feni likawa kama saruji, ukiisukuma kwa kidole (pikipiki imezimwa jamani) haizunguki.

Na tukishataja tope, rejeta ya pikipiki nyingi za safari imekaa nyuma tu ya tairi la mbele, inakula kila kitu kinachorushwa. Chuchumaa uiangalie kwa tochi. Ukikuta wadudu, majani na udongo umejaa kwenye vile vibati vyembamba, osha kwa maji ya bomba ya kawaida kutokea upande wa injini kwenda mbele. Usiwaache vijana wa kuosha magari waielekezee ile mashine ya presha kwa karibu, vibati vinalala vyote upande mmoja na upepo hauna tena pa kupita, rejeta inang'aa kwa nje kumbe ushaiziba. Pia angalia ulichofunga wewe mwenyewe hapo mbele: taa za ziada, mabegi ya kwenye bampa, koti la mvua. Kuna jamaa tulisafiri naye alifunga bango la kundi letu mbele ya pikipiki ili picha zitoke vizuri, limekaa juu ya rejeta lote, tulilitoa Chalinze.

Maji sasa. Hapa ndipo watu wa Dar tunajiua wenyewe. Maji ya kisima ya maeneo mengi ya mjini yana chumvi, unayaonja tu unajua, na rejeta na njia za ndani ya injini ni aluminiamu, ukizijaza hayo zinaliwa taratibu na kuota ukoko mweupe mpaka njia zinaziba. Weka kulanti, iliyochanganywa tayari ni rahisi zaidi, au ya kuchanganya nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini yale yanayouzwa kama maji ya betri, ila soma chupa vizuri, ni maji ya kuongezea sio asidi. Kama hukumbuki ya ndani iliwekwa lini, mwaga yote uweke mpya wiki moja kabla ya safari, sio usiku wa kuamkia safari, ili kama kuna mahali panavuja ujue ukiwa bado unaenda kazini.

Wengi wanaangalia ile chupa ya akiba tu, wanaona iko kati ya mistari miwili wanaridhika. Chupa inadanganya. Rejeta inaweza kuwa nusu tupu na chupa imejaa, kwa sababu mfuniko ukichoka haunyonyi tena maji kuyarudisha ndani yakipoa. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua mfuniko wa rejeta yenyewe, uone maji yamefika shingoni. Mpira wake ukiwa umekakamaa au umepasuka nunua mwingine wenye namba ile ile, mingi imeandikwa 1.1 juu yake. Hiyo namba ni presha, ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema, na ukienda Iringa inakuhusu zaidi, kule ni juu mita 1,600 hivi, maji kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Mfuniko uliolegea unakurudisha kwenye hesabu ya sufuria.

Hozi ziminye zikiwa baridi, ziwe laini kiasi, sio kama ndizi iliyoiva sana na sio kama kuni. Kwenye klampu ukiona unga mweupe au wa kijani uliokauka, panalia hapo. Chini ya pampu ya maji pikipiki nyingi zina kitundu kidogo, kikidondosha matone ya kulanti sili ya pampu imekwisha, usiende nayo Mbeya ukisema ni kidogo.

Kuna fundi atakwambia toa thamostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ili maji yazunguke muda wote. Mimi siungi mkono. Itakaa baridi asubuhi nzima, itakula mafuta, na Kitonga haitakusaidia maana tatizo pale ni upepo, sio kufunguka kwa thamostati. Kama imegoma, nunua nyingine.

Wenye injini za upepo, zisizo na maji ya kupozea, msidhani mmepona. Boxer 150 inapanda Kitonga vizuri tu, nimeziona na watu wawili na gunia, lakini yenyewe rejeta yake ni zile mbavu za silinda pamoja na oili. Tope likikauka katikati ya mbavu ni kama umeivalisha sweta. Oili mwaga weka mpya, ile 20W-50 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, maana nyingi za magari zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze, na klachi ikiteleza mlimani ndio joto jingine hilo. Pima kiwango pikipiki ikiwa imesimama wima, na njiani pima tena kila unapojaza mafuta, kwenye joto na mwendo mrefu oili inapungua hata kwa injini ambayo mjini hainywi. Beba lita moja. Valvu zipimwe pia, zikibana sana ile ya moshi inaungua. Na kama umetoa chujio la hewa au umebadilisha sailensa ili ilie na ni ya kabureta, jua mafuta yamekuwa haba kwenye mchanganyiko, injini inawaka moto zaidi, rudisha vya zamani kwa safari hii. Wale wa BMW za kabla ya mwaka 2013, zile GS ambazo hazikuwa na maji, mko kundi hili hili, kusimama unanguruma huku mnasubiriana mpige picha ni kuipika. Kwa injini ya upepo ukisimama, zima.

Petroli nayo. EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia mafuta, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, watu walikuwa wanachanganya na mafuta ya taa. Mafuta ya taa kwenye injini ya petroli yanaifanya igonge mlimani na joto linapanda. Jaza kwenye vituo vinavyouza sana, Morogoro mjini au Mikumi, usisubiri mpaka unanunua ya kwenye chupa za maji kando ya barabara.

Muda wa kuondoka ni nusu ya kazi. Dar mpaka Iringa ni kama kilomita 500, ukitoka saa kumi na moja alfajiri na ukapita mbugani Mikumi kwa spidi inayotakiwa, Ruaha Mbuyuni unaingia mchana, na Mbuyuni mchana ni tanuri, upepo unaokupiga usoni ni wa moto. Halafu hapo hapo ndio unaanza kupanda. Mimi siku hizi nalala Mikumi, naamka mapema, napita kwenye mibuyu na vitunguu kukiwa bado na ubaridi. Ukifika chini ya Kitonga ukakuta malori yamejipanga usiingie katikati yao, kaa pembeni kunywa maji dakika kumi, acha msururu upande, uende na nafasi mbele yako. Tumia gia ndogo inayokuruhusu kuachia klachi yote, usiipandishe kwa klachi nusu nusu.

Cha kubeba sio kingi: maji safi lita mbili ya rejeta, mbali na yako ya kunywa, fyuzi, klampu mbili, kipande cha tyubu, kitambaa kinene. Ikichemka zima, kama feni ni nzima geuza ufunguo bila kuwasha injini uone kama itaendelea kuvuta, usimwage maji ya baridi juu ya injini, na mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka uweze kuushika kwa mkono mtupu bila kuurudisha haraka. Nusu saa ni kidogo. Mwenzako atakwambia fungua kidogo kidogo na kitambaa, mwambie afungue yake.

Abiria avae suruali nzito na viatu virefu, sailensa ikishapanda mlima ule ukishuka vibaya inakuachia alama ya ndani ya goti, nusu ya watu waliowahi kupanda bodaboda wanayo. Na mkifika Iringa msifunike pikipiki haraka kwa sababu ya baridi. Turubai langu lina tundu la ukubwa wa sahani.