Namna ya kuchunguza historia ya kijiji kimoja cha Norfolk, kuanzia mezani hadi shambani

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kumsaidia mwanafunzi mmoja, msemaji wa Kiswahili anayeishi Norwich, aliyetaka kujua kwa nini makanisa mengi ya kaunti ya Norfolk yamesimama peke yake mashambani bila nyumba jirani. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba ni tauni ya 1349. Jibu hilo ni rahisi, na mara nyingi si sahihi. Njia ya kulipima ni kuchagua parokia moja, kukusanya ramani zake, kuzipanga moja juu ya nyingine hadi kila moja ikae mahali pake hasa, na baada ya hapo ndipo mtu avae buti. Mfano wangu ni Godwick, kijiji kilichotoweka karibu na Tittleshall, katika tarafa ya kale ya Launditch.

Hatua ya 1: Chagua parokia moja

Norfolk ina makanisa ya enzi za kati zaidi ya 650 ambayo bado yamesimama, kwa hiyo anayeanza na kaunti nzima hafiki popote. Chukua parokia moja, andika rejea yake ya gridi ya taifa, yaani herufi na namba zinazotaja mahali kwenye ramani za Uingereza (Godwick iko TF 90 22), na usiiache hadi umalize.

Hatua ya 2: Soma daftari la kaunti

Kumbukumbu za akiolojia za kaunti zinapatikana bure kwenye tovuti ya Norfolk Heritage Explorer, na kila mahali pamepewa namba inayoanza na herufi NHER. Soma kumbukumbu zote za parokia, si za magofu peke yake, kwa sababu kigae kimoja cha chungu kilichookotwa umbali wa nusu kilomita kinaweza kukueleza mengi kuliko mnara wa kanisa. Wakati huohuo angalia katika orodha ya taifa ya maeneo ya kale inayotunzwa na shirika la Historic England kama eneo lako linalindwa kisheria, maana jambo hilo litaamua unachoruhusiwa kufanya katika hatua ya 7.

Katika hatua hii hii tengeneza mfuatano wa miaka. Norfolk ina bahati: sensa ya mali ya 1086 iliyoagizwa na Mfalme William imehifadhiwa hapa katika juzuu ndogo inayohusu Norfolk, Suffolk na Essex peke yake, na juzuu hiyo inataja hata idadi ya mifugo, jambo lililoachwa katika juzuu kubwa. Godwick imo. Mwaka 1428 parokia zenye kaya chini ya kumi zilisamehewa kodi, na Godwick ilikuwa mojawapo. Mwaka 1508 viwanja 11 kati ya 18 vya upande wa kaskazini wa barabara ya kijiji vilikuwa vimeachwa, na mwaka 1525 kaya tano tu zililipa kodi. Mwanasheria Edward Coke alipoinunua ardhi hiyo mwaka 1580, kijiji kilikuwa kimebaki mkia tu. Ukiiweka miaka hiyo kwenye mstari mmoja utaona kwamba watu wa Godwick waliondoka kidogo kidogo kwa muda wa zaidi ya karne moja, na kwamba wengine walikuwa bado wapo muda mrefu baada ya tauni kupita.

Hatua ya 3: Kusanya ramani zilizochapishwa

Ramani ya kaunti iliyochapishwa na William Faden mwaka 1797 ndiyo ya kwanza kuitafuta, kwa sababu inaonyesha malisho ya pamoja kabla ya mengi kugawanywa na kuzungushiwa wigo. Baada yake tafuta ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la upimaji ramani, za miaka ya 1880, zile za inchi 25 kwa maili. Usizinunue. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka mtandaoni bure, zikiwemo za Uingereza, tena zikiwa zimekwisha kufungwa kwenye gridi ya leo, yaani kuwekwa mahali pake hasa.

Hatua ya 4: Nenda kwenye nyaraka

Ofisi ya nyaraka ya kaunti iko Martineau Lane, Norwich, katika jengo lililofunguliwa mwaka 2003. Hadi 1994 ilikuwa ndani ya jengo la maktaba kuu, lililoungua mwaka huo, na ni jambo la kushukuru kwamba nyaraka zenyewe ziliokolewa. Omba ramani ya zaka ya parokia yako (nitaieleza katika hatua ya 5) pamoja na jedwali lake. Kumbuka kwamba kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, hivyo hati iliyoandikwa Februari 1596 ni ya Februari 1597 kwa hesabu yetu. Piga picha za ramani kwa vipande vinavyoingiliana, kamera ikiwa imetazama chini wima, wala usijaribu kuibeba karatasi yote ndani ya picha moja, kwani kingo za lenzi hupinda mistari na upindaji huo utakusumbua baadaye.

Hatua ya 5: Funga ramani ya zaka kwenye gridi ya leo

Hapa ndipo muda unapoliwa, na hapa ndipo miongozo mingi inapotoa sentensi mbili na kuendelea. Nitakaa kidogo.

Ramani za zaka zilitokana na sheria ya 1836 iliyobadilisha zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha. Kila parokia iliyohusika ilipimwa, kila kipande kikapewa namba, na jedwali likataja mwenye ardhi, mpangaji, jina la shamba, matumizi na ukubwa. Nakala zilikuwa tatu: ya serikali, ambayo sasa iko kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa huko Kew, London, ya dayosisi na ya parokia. Ubora wake hautoshani. Ni sehemu ndogo tu ya ramani hizo iliyogongwa muhuri wa daraja la kwanza. Nyingine zilinakiliwa kutoka ramani za zamani za mabwana wa ardhi. Tena, ardhi isiyodaiwa zaka mara nyingi iliachwa tupu kwenye karatasi. Mahali palipo tupu hapamaanishi kwamba hapakuwa na kitu.

Programu ya ramani ninayoipendekeza ni QGIS, ambayo ni ya bure. Wapo wanaofanya kazi hii kwa kunyosha picha juu ya satelaiti kwa jicho tu, na matokeo yao yanapendeza kwenye slaidi, lakini hayapimiki.

Kwanza weka mfumo wa viwianishi wa mradi kuwa EPSG:27700, yaani gridi ya taifa ya Uingereza. Ukiacha mfumo unaotumiwa na simu na GPS, kisha ukaingiza namba kana kwamba mifumo hiyo miwili ni kitu kimoja, kila kitu kitasogea kwa takriban mita 100, na kosa la mita 100 ndilo baya kuliko yote kwa sababu ramani bado inaonekana ya kuaminika: kanisa liko shambani, ila shamba si lake. Programu pia haizielewi herufi za gridi, inataka namba kamili. Kwa Norfolk kumbuka hivi: TF huanza na 5 kwa mashariki na 3 kwa kaskazini, TG ni 6 na 3, TL ni 5 na 2, TM ni 6 na 2. Hivyo TF 903 221 huandikwa 590300, 322100. Anayesahau tarakimu hizo za mbele hujikuta baharini kusini-magharibi mwa nchi, na hilo angalau hugundulika upesi.

Pili, usifunge ramani ya zaka moja kwa moja kwenye picha ya satelaiti ya leo. Baada ya vita vya pili vya dunia wakulima wa Norfolk waling'oa wigo nyingi ili mashine zipite, na pembe za mashamba unazozitafuta hazipo tena. Ifunge kwenye ramani ya miaka ya 1880, ambayo iko umbali wa miaka kama 40 tu kutoka ile ya zaka na bado ina wigo zilezile. Ramani ya 1880 ndiyo itakayokuvusha hadi leo.

Tatu, chagua pointi za kufungia kwa uangalifu. Pembe za kanisa la enzi za kati ni nzuri, na pembe za mpaka wa parokia ni nzuri zaidi, kwa sababu mpimaji alilipwa ili mpaka huo uwe sahihi. Njia panda ni za kutiliwa shaka, kwani barabara nyingi zilinyooshwa wakati malisho yalipogawanywa. Vijito navyo vilichimbwa upya. Tawanya pointi pande zote, hasa kwenye kingo. Pointi nyingi zilizorundikana katikati ya kijiji zinaacha pembe za ramani zikielea.

Nne, aina ya ubadilishaji, yaani kanuni ambayo programu huitumia kuisogeza na kuinyosha picha ikae kwenye pointi zako. Anza na Polynomial 1, inayohitaji pointi tatu tu, lakini weka kumi au zaidi ili uone zipi zinagombana. Soma safu ya makosa: pointi moja ikiwa na kosa kubwa kuliko wenzake, rudi uitazame kabla ya kuifuta, maana huenda ni wewe uliyebofya pembe ya pili ya kanisa. Usikimbilie Thin Plate Spline. Njia hiyo hulazimisha kila pointi ikae pale ulipoiweka, kwa hiyo makosa yote husomeka kuwa sifuri, na pointi mbovu hupindisha eneo lake kimyakimya. Mimi huitumia mwisho kabisa, baada ya Polynomial 1 kunithibitishia kwamba pointi ni nzima na kinachobaki ni mikunjo ya karatasi yenyewe. Polynomial 3 siitumii kabisa, kwa sababu nje ya pointi zako huitupa karatasi kila upande.

Tano, thibitisha kwa ukubwa, kipimo ambacho wengi wanakiacha ingawa jedwali linakupa bure. Ukubwa umeandikwa kwa ekari, robo za ekari na perchi. Ekari moja ina perchi 160. Kipande kilichoandikwa 7. 2. 20 ni ekari 7, robo 2 na perchi 20, yaani ekari 7.625, sawa na mita za mraba 30,857. Chora kipande hicho juu ya ramani uliyoifunga, iambie programu ipime eneo, kisha linganisha. Rudia kwa vipande kadhaa, vingine katikati na vingine kwenye kingo. Tofauti ya asilimia mbili au tatu ni ya kawaida kwa karatasi ya umri huo. Ikiwa vipande vya upande mmoja vyote vinazidi na vya upande wa pili vyote vinapungua, tatizo liko kwenye picha au pointi zako; ikiwa kipande kimoja tu kinakataa, yaelekea umesoma vibaya namba yake.

Ramani za zamani zaidi, kama ile ya Godwick ya 1596, hufungwa kwa njia hiyohiyo, ila usitarajie usahihi uleule. Hizo zifunge kwenye ramani ya zaka uliyokwisha kuithibitisha.

Hatua ya 6: Weka laida juu yake

Shirika la Mazingira la Uingereza hutoa bure vipimo vya laida, yaani vya miale ya leza iliyorushwa kutoka kwenye ndege, kwa ubora wa mita moja. Chukua ule mfano wa ardhi ambao miti na majengo vimeondolewa. Norfolk ni tambarare, haifiki mita 110 hata mahali pa juu kabisa, kwa hiyo mwanga wa bandia ambao programu huumulika juu ya ardhi ili itupe vivuli, ambao kwa kawaida una nyuzi 45, hautakuonyesha kitu. Ushushe hadi 20 hivi na uongeze kimo mara tatu. Badilisha pia upande unakotoka mwanga, kwani tuta linalolala sambamba na mwanga halitupi kivuli. Kule Godwick mtaro wa barabara ya kijiji, matuta ya mipaka ya viwanja na alama za jumba la akina Coke, lililobomolewa mwaka 1962, vyote vitajitokeza, na sasa unaweza kusema kila kiwanja ni kipi kwenye ramani.

Mahali palipolimwa mno laida haisaidii. Huko tafuta picha za angani za kiangazi kikavu, wakati mimea iliyo juu ya kuta hunyauka mapema. Mji wa Kirumi wa Caistor St Edmund ulionekana hivyo katika picha iliyopigwa na jeshi la anga mwaka 1928, barabara zake zikiwa zimechorwa ndani ya nafaka.

Hatua ya 7: Tembea shambani

Omba ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi. Njia ya umma hukupa haki ya kupita, haikupi haki ya kuokota. Eneo la Godwick lenyewe ni malisho na linalindwa, hivyo huko utatazama tu. Utakayotembea ni mashamba jirani yaliyolimwa, kati ya vuli na majira ya baridi, baada ya mvua kuvisafisha vigae. Tembea kwa mistari ya mita 10, mfuko mmoja kwa kila sehemu ya mstari, na uandike namba ya gridi kwenye mfuko kabla hujaweka kitu ndani. Kifaa cha kutambulia metali mimi sikibebi, na kwenye eneo linalolindwa ni kosa la jinai kukitumia bila kibali. Ukipata kitu cha zaidi ya miaka 300 chenye dhahabu au fedha ya asilimia 10 au zaidi, sheria ya hazina ya 1996 inakutaka utoe taarifa ndani ya siku 14. Anza kwa afisa wa kaunti anayesajili vitu vilivyookotwa.

Vigae vya kuvijua kwanza ni vitatu: vya Ipswich, vya karne ya 8 na ya 9, vya kijivu vya Thetford, vya karne ya 10 na ya 11, na vya Grimston, vyenye mng'ao wa kijani, vya karne ya 13 na ya 14. Mwanaakiolojia Peter Wade-Martins alipotembea mashamba ya Launditch, alikuta vigae vya Ipswich karibu na makanisa, na vile vya karne ya 12 na ya 13 kandokando ya malisho ya pamoja. Maana yake ni kwamba vijiji vingi vilihama kufuata malisho, kanisa likabaki nyuma, na hayo yalitukia vizazi vingi kabla ya tauni. Ndiyo sababu ya kuitaka ramani ya Faden mapema: ikiwa kanisa lako liko peke yake, tazama malisho yaliyo karibu yalikuwa wapi mwaka 1797, kisha omba ruhusa kwenye mashamba yanayopakana nayo.

Hatua ya 8: Wasilisha

Peleka kwa daftari la kaunti orodha ya mifuko, viwianishi vya kila mfuko, ramani ya mistari uliyotembea na ile mistari ambayo haikutoa kitu. Vigae ni mali ya mwenye ardhi. Muulize kama atakubali vikabidhiwe makumbusho, na umwombe akuandikie jibu hilo kabla ya kuviosha.