Tembe za kutibu maji: jinsi ya kuzitunza na kuzipakia kabla ya kupanda Elgon

Tembe za klorini aina ya NaDCC huharibiwa hasa na unyevu. Mvuke ukipenya ndani ya foili, tembe huanza kutoa povu lake pole pole humo humo, klorini inatoka, na siku ya kuihitaji unatia chaki tu kwenye chupa. Joto nalo huharakisha uharibifu huo.

Anza dukani, kwa kusoma miligramu. Tembe ya 67 mg ni ya mtungi wa lita 20, ya 8.5 mg inatosha lita moja. Watu wengi hubeba ile ya mtungi iliyobaki nyumbani, kisha wanaikata kwa kisu wakiwa kambini. Vipande havilingani, na kile kinachorudishwa kwenye begi kinaharibika upesi. Nunua inayolingana na chupa yako.

Hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupiga mswaki. Chai na ugali havihitaji tembe kwa kuwa maji yake yatachemka. Watu wawili kwa siku tatu ni lita 24. Beba tembe 30 za lita moja.

Kabla ya safari, ziweke kwenye kabati kavu la chumbani, mbali na watoto. Bafuni na juu ya jiko kuna mvuke. Rafu iliyo karibu na mabati, hasa Kisumu, huwa tanuri mchana, na dashibodi ya gari ni mbaya zaidi.

Usizitoe kwenye foili ili kuokoa nafasi. Kata utepe kwa makasi katikati ya kifuko na kifuko, bila kugusa mshono wa pembeni, kisha viringisha kona: kona kali hutoboa kifuko cha jirani. Tarehe ya mwisho mara nyingi huchapishwa upande mmoja tu wa utepe, kwa hiyo inakili kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kikopo kigumu cha plastiki utakachotumia. Tia pia kale kapakiti ka kunyonya unyevu kanakokuja na viatu vipya. Kikopo kiingie katika mfuko wa zipu, na mfuko ukae katikati ya begi, ndani ya nguo, mbali na chupa inayovuja na mafuta ya jiko. Nusu ya tembe abebe mwenzako. Usizichanganye na dawa za maumivu. Gizani mtu anaweza kumeza klorini.

Mtoni, tope hula klorini kabla haijafikia vijidudu. Maji ya kahawia, kama ya Nzoia wakati wa mvua, yaache yatulie, yachuje kwa leso safi iliyokunjwa mara nne, na yakibaki na ukungu tia tembe mbili kwa lita. Subiri dakika 30. Maji ya baridi kali ya mlimani yape saa nzima. Legeza kifuniko kidogo, upindue chupa ili maji yenye dawa yaoshe mdomo wake. Unga wa juisi uongezwe baada ya muda huo kuisha, kwani vitamini C huua klorini.

Kuna mambo mawili yasiyotibika kwa tembe hizi. Kijidudu cha kriptosporidiamu hakifi kwa kipimo hiki cha klorini, kwa hiyo pale ng'ombe wanaponywea maji, chemsha: dakika moja baada ya kutokota, au tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Na ukipitia Nakuru, floridi iliyomo kwenye visima vingi vya Bonde la Ufa haiondolewi na tembe wala kwa kuchemsha. Huko beba maji kutoka chanzo unachokijua.

Ukirudi, kagua zilizobaki kimoja kimoja. Kifuko kilichovimba, chenye tundu, au chenye tembe iliyogeuka rangi kitupwe. Vilivyo sawa virudi kabatini vikiwa na tarehe yake.